Kaa, kamba na samaki wa visiwa vya Atlantiki: Lanzarote, Azores, Cape Verde au St Helena?

Aliyezoea kuzamia Mafia, Mnemba au Watamu akifika visiwa vya Atlantiki mara ya kwanza huuliza matumbawe yako wapi. Ana haki ya kuuliza. Hifadhi ya Bahari ya Mafia peke yake ina zaidi ya aina 400 za samaki. Visiwa ninavyovizungumzia hapa vilitoka chini ya bahari kwa volkano, vikasimama mbali na bara, na hakuna hata kimoja kilichozungukwa na mwamba wa matumbawe kama tunaoujua sisi. Chini ya maji utakuta zaha nyeusi (mawe ya volkano yaliyoyeyuka yakaganda), mapango, majabali na mchanga.

Samaki na kamba wa pwani waliofika huko walifika wakiwa viluwiluwi wanaoelea na mkondo. Kamba koche ana faida katika safari hiyo, maana kiluwiluwi chake kinaweza kuelea kwa miezi kabla ya kutua. Samaki wengi hawana uvumilivu huo. Waliobahatika kutua wakazaana peke yao, na wengine wakabadilika kizazi hadi kizazi mpaka wakawa aina isiyopatikana pengine popote duniani. Ndiyo maana aina za samaki ni chache huko, lakini baadhi yao hutawaona ukienda kwingine.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, kabla ya kulinganisha chochote: usichague kisiwa, chagua mnyama na mwezi wake. Anayechagua kwa picha ya ufuo hufika mwezi ambao aliyemfuata hayupo.

Vipimo nilivyotumia

Kipimo cha kwanza ni jamii ya kaa na kamba unaoweza kuwaona kwa macho yako mwenyewe wakiwa hai. Nasisitiza hilo kwa sababu baadhi ya visiwa hivi vina kamba maarufu sana ambao mgeni hatawaona ila kwenye sahani, au hatawaona kabisa. Cha pili ni samaki, nikiwahesabu papa na taa humo humo. Cha tatu ni maji: joto lake, upepo na majira. Cha nne ni njia ya kufika na masharti yake, hasa kwa mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki au ya Kongo. Mwisho nasema nani anafaa kwenda. Sikuweka bei, kwa kuwa nauli za visiwani hupanda na kushuka kila msimu.

Lanzarote na wenzake wa Kanari

Kaa na kamba. Kati ya vipimo vyote vinne, hiki ndicho Kanari inachowapita wengine kwa asiyejua kuogelea. Kaskazini mwa Lanzarote, mlipuko wa volkano ya Corona miaka kama 21,000 iliyopita uliacha pango refu la zaha linaloteremka hadi chini ya bahari. Sehemu moja ya pango hilo, Jameos del Agua, ina ziwa dogo la maji ya chumvi. Halina mlango wazi wa bahari, lakini maji yake hujaa na kupwa pamoja na bahari iliyo nje. Ndani yake wanaishi viumbe weupe wa ukubwa wa sentimita moja hivi, vipofu, jamii ya kamba wenye umbo la kukaribia kaa. Wenyeji huwaita jameito, na kitaalamu ni Munidopsis polymorpha. Ndugu zao wa karibu huishi kwenye vina vikubwa vya bahari. Hawa wako kwenye maji unayoyatazama umesimama kwenye njia ya mawe, na kiatu hakilowi. Hawajapatikana nje ya pango hilo.

Msanii César Manrique ndiye aliyeyageuza mapango hayo kuwa mahali pa kutembelewa, katika miaka ya 1960. Jambo moja tu: usitupe sarafu majini kwa kuomba bahati. Metali huwaua jameito, na mabango yamewekwa kwa sababu watu walikuwa wakitupa. Usitarajie pia kuzamia humo. Handaki linaloendelea chini ya bahari, lenye urefu unaozidi kilomita moja na nusu, ni la watafiti wenye vibali.

Nje ya pango, mzamiaji atakuta kaa wenye miguu mirefu myembamba wanaokaa karibu na viua-bahari, wanyama laini wenye umbo la ua na sumu, ili kujikinga, pamoja na kamba wadogo wekundu wenye mstari mweupe mgongoni ambao huwasafisha mikunga vimelea.

Samaki. Wa kutafutwa ni angelote, papa bapa anayejifukia mchangani akabakiza macho. Zamani alienea kuanzia kaskazini mwa Ulaya hadi Mediterania na Afrika Kaskazini. Leo yumo kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ya walio hatarini kabisa kutoweka, na Kanari ndiyo ngome yake iliyobaki. Huonekana zaidi miezi ya baridi, tangu Novemba hadi Machi hivi. Kuna pia pono wa huko, ambaye wavuvi humwita vieja: jike ni mwekundu mwenye rangi kali na dume ni wa kijivu, kinyume na pono wengi tuliowazoea. Chewa wapo, ila uvuvi umewapunguza sana. Mahali walipoisha samaki wanaokula urumbu, urumbu wenye miiba mirefu waliwahi kuenea na kuufyeka mwani wote hadi mwamba ukabaki mtupu. Kwa hiyo ukienda kuzamia, tafuta eneo la hifadhi. Nzuri kuliko zote ni Mar de las Calmas huko kisiwani El Hierro, iliyotengwa mwaka 1996. Oktoba 2011 volkano ililipuka chini ya bahari karibu na kijiji cha La Restinga, samaki wakafa kwa wingi na wavuvi wakasimama kazi. Bahari imejaza tena tangu wakati huo.

Maji. Nyuzi 18 hadi 23 hivi. Ni baridi kwa aliyekulia Tanga, lakini kwa vazi zito la kuzamia unaweza kuingia mwaka mzima.

Njia na masharti. Ndege za moja kwa moja ni nyingi kutoka miji ya Ulaya. Ni ardhi ya Hispania, kwa hiyo viza ni ya Schengen, yaani ile moja ya nchi nyingi za Ulaya. Mwenye kibali cha ukaazi cha Ujerumani, Uholanzi au nchi nyingine ya Schengen haihitaji. Mwenye kibali cha Uingereza pekee anaihitaji.

Anafaa: familia yenye watoto, asiyezamia, mwanafunzi mwenye siku chache na mfuko mwembamba, na anayemtaka papa wa majira ya baridi.

Azores

Kaa na kamba. Wa ajabu kuliko wote wako hapa, na hutawaona. Kusini-magharibi mwa visiwa hivi vya Ureno, kwenye vina kati ya mita 850 na 2,300, kuna chemchemi za maji moto sakafuni mwa bahari: Menez Gwen, Lucky Strike na Rainbow. Huko Rainbow, kamba waitwao Rimicaris exoculata hujazana kuzunguka matundu yanayotoa moshi mweusi. Hawana macho ya kawaida, bali kiungo mgongoni kinachohisi mwanga hafifu. Chakula chao hutokana na bakteria wanaotumia kemikali za chemchemi badala ya jua. Ni habari ya kusisimua, lakini ni ya wenye nyambizi. Ukiona tangazo linalotumia kamba hao kukuuzia likizo, lipuuze.

Utakachokipata wewe ni cavaco, kamba bapa mpana asiye na makoleo wala papasi ndefu, anayejificha mchana mapangoni na kutoka usiku. Kuna pia cracas. Hawa huonekana kama vijiwe vilivyoota mwambani, na watu wengi hudhani ni jamii ya chaza, kumbe ni ndugu wa kaa waliojijengea nyumba ya chokaa na kutulia ndani maisha yao yote. Huchemshwa kwa maji ya bahari, wakaliwa kwa kuchokonolewa na kijichuma. Mimi ningewala kabla ya cavaco, ambaye hukua polepole na amevuliwa mno.

Samaki. Hapa Azores inatisha kwa uzuri. Kati ya Julai na Septemba, makundi ya taa wakubwa wa jamii ya pungu huja kuzunguka vilele vya milima iliyo chini ya bahari. Miwili inayojulikana ni mlima wa Ambrósio, karibu na kisiwa cha Santa Maria, na ule wa Princesa Alice, ulio kama kilomita 90 kutoka Faial na Pico. Kilele cha Princesa Alice kiko mita 35 chini ya uso wa maji na pembeni ni bahari kuu tupu. Ni safari ya siku nzima, na nahodha huiahirisha hali ya hewa ikimtia shaka. Karibu na Faial na Pico huonekana papa wa buluu pia. Chewa wakubwa wapo katika kisiwa kidogo cha Corvo, mahali ambapo wenyeji wenyewe walikubaliana kutowavua.

Maji. Kiangazi nyuzi 20 hadi 24, baridi hushuka hadi 16 hivi. Mawingu, mvua na jua huweza kuja asubuhi moja. Panga siku za akiba.

Njia na masharti. Ndege nyingi hupitia Lisbon au Porto, na viza ni ile ile ya Schengen. Ila visiwa ni tisa na vimetawanyika, hivyo aliyefika São Miguel bado hajafika Santa Maria wala Pico. Wengi hulijua hilo wakiwa wameshalipia hoteli.

Anafaa: mzamiaji mwenye cheti na uzoefu wa kuning'inia katikati ya maji bila kuona chini, asiyeyumbishwa na tumbo chomboni, na mwenye wiki nzima au zaidi. Anayeanza kujifunza atachoka bure.

Cape Verde

Kaa na kamba. Kamba koche wa waridi, Palinurus charlestoni, anapatikana katika nchi hii tu. Lakini huishi kwenye vina vya mita mia na zaidi, na huvuliwa kwa mitego inayoshushwa kutoka vyombo vikubwa. Mzamiaji wa kawaida hamfikii. Atakayemwona mapangoni, hasa usiku, ni kamba koche wa kijani wa pwani ya Afrika Magharibi, na pengine cavaco yule yule wa Azores. Kwenye majabali yanayopigwa na mawimbi kaa wekundu wepesi hukimbia kila mahali, na kuwaona hao hakuhitaji tiketi wala miwani. Mgahawani, uliza kama msimu wa kamba umefunguliwa kabla ya kuagiza. Serikali hufunga uvuvi wao kwa miezi fulani kila mwaka, na si kila jiko linalojali.

Samaki. Kati ya visiwa vinne nilivyolinganisha, hapa ndipo utakapojisikia nyumbani zaidi. Maji ni ya vuguvugu, chewa wadogo wenye madoa ya buluu wamejaa, makundi ya samaki wa mistari hutanda kwenye meli zilizozamishwa karibu na mji wa Santa Maria kisiwani Sal, na mikunga wamo kila pango. Mkunga wa kukaanga ni kitafunio cha kawaida huko, na ukitoka pwani yetu ambako wengi humwepuka, utashangaa kidogo. Kwa asiyezamia, mashariki mwa Sal kuna ghuba ya kina kifupi ambako papa wadogo wa rangi ya ndimu hukua. Unaingia maji ya magoti, unasimama kimya, nao hupita. Ukubwa wao haumtishi mtu mzima, lakini mtoto mshike mkono, na usifuate mwongozaji anayewarushia chakula.

Kasa hawamo katika ulinganisho huu, ila ni vigumu kunyamaza: kisiwa cha Boa Vista kina moja ya sehemu kubwa kabisa duniani za kutagia kasa wa aina ya caretta, kati ya Juni na Oktoba.

Maji. Nyuzi 21 hadi 27. Upepo wa kaskazini-mashariki huvuma kwa nguvu kuanzia mwisho wa mwaka hadi miezi ya katikati, na mara nyingine huleta vumbi la Sahara linalofifisha hata anga. Julai hadi Oktoba bahari hutulia na maji huwa angavu zaidi.

Njia na masharti. Lisbon ina ndege nyingi, na Dakar iko jirani. Ni nchi huru tangu 1975, haimo Schengen, na taratibu zake za kuingia ni za kwake. Ziangalie kabla ya kununua tiketi. Lugha ni Kireno na Kikrioli. Mwenye asili ya Msumbiji au aliyeishi Angola hatapotea.

Anafaa: anayeanza kuzamia, asiyependa baridi, na mwenye wenza wasiojali samaki ambao watataka ufuo na muziki jioni.

St Helena, na jirani yake Ascension

Kaa na kamba. Kisiwa cha kilomita za mraba 122 katikati ya Atlantiki ya Kusini. Kina kamba wawili ambao kila mvuvi anawajua: koche wa kahawia mwenye madoa meupe, na kamba bapa mwekundu, Scyllarides obtusus, ambaye ni wa huku huku. Wote huonekana mapangoni kwa mzamiaji mwenye tochi. Ascension, umbali wa kilomita 1,300 kaskazini-magharibi, inashinda kwa mpenzi wa kaa. Kaa wake wa nchi kavu, Johngarthia lagostoma, huishi hadi mlimani juu ya kisiwa, kisha majike hushuka mwendo mrefu hadi baharini kuachia mayai, kati ya Februari na Aprili hivi. Aliyewahi kumwona kaa wa nazi kule Chumbe ataelewa mvuto wake. Katika vidimbwi vya chumvi vilivyo ndani ya zaha ya Ascension wamo pia kamba wadogo wekundu wa aina mbili wasiopatikana kwingine, Procaris ascensionis na Typhlatya rogersi. Watazame tu, usitie mkono.

Samaki. Mwenye kuijua Mafia ana sababu ya pekee ya kuja St Helena. Papa potwe wa Mafia, wanaoonekana kuanzia Oktoba hadi Machi, wengi ni madume wasiokomaa. Wa St Helena, ambao msimu wao mkuu ni Januari hadi Machi, ni watu wazima, majike kwa madume, kwa idadi zinazokaribiana. Ni mahali pachache sana duniani pa namna hiyo, na wavuvi wameeleza kuwaona wakifanya vitendo vinavyofanana na kupandana. Ukiwaona wa kwetu kisha ukawaona hawa, umeona nusu mbili za maisha ya mnyama mmoja. Samaki wa mwambani ni wa aina chache lakini wengi kwa idadi: kipepeo mweupe na manjano anayepatikana hapa na Ascension pekee, na vikande weusi ambao huko Ascension hujaa mpaka maji yanachemka wakitupiwa mabaki ya chakula.

Tangu 2016 bahari yote inayozunguka St Helena ni eneo la hifadhi, na jodari huvuliwa kwa mshipi, mmoja mmoja. Ascension ilikwenda mbali zaidi mwaka 2019, ikapiga marufuku uvuvi wa kibiashara kabisa.

Maji. Nyuzi 19 hadi 25, moto zaidi Machi. Maji huwa angavu kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Njia na masharti. Kabla ya Oktoba 2017 ilikuwa meli tu. Sasa kuna ndege kutoka Johannesburg, mara moja kwa wiki, na ya pili huongezwa msimu wa wageni. Upepo wa uwanja ule huweza kuchelewesha safari, kwa hiyo usiunganishe tiketi kwa saa chache. Bima ya matibabu inayogharamia kusafirishwa nje ni lazima. Ascension ina kambi za kijeshi na huingii bila kibali kilichotolewa mapema. Kijiografia St Helena iko mbali na wote, ila kwa mtu wa Nairobi au Dar es Salaam njia yake haipiti Schengen, na hilo si dogo.

Anayependa historia atamkuta humo Sayyid Khalid bin Barghash, yule aliyeketi kiti cha usultani wa Zanzibar siku chache hadi mizinga ya Agosti 1896. Waingereza walimkamata mwaka 1916, wakampeleka uhamishoni St Helena, na baadaye Ushelisheli, hadi waliporuhusu arudi. Alifia Mombasa mwaka 1927.

Anafaa: mwenye wiki mbili, akiba ya kutosha na subira, mwanabiolojia, na anayemtaka papa potwe bila msururu wa boti.

Na Tristan da Cunha?

Kisiwa hiki, kilicho kusini zaidi ya St Helena, huulizwa kila mara, kwa hiyo kwa kifupi. Watu wasiozidi mia tatu, hakuna uwanja wa ndege, meli kutoka Cape Town huchukua kama wiki nzima, na baraza la kisiwa lazima likukubali kwanza. Uchumi wake umesimama juu ya kamba koche mmoja wa maji baridi, Jasus tristani, ambaye uvuvi wake ulipata cheti cha MSC, cha uvuvi endelevu, mwaka 2011. Mwaka huo huo meli ya mizigo Oliva ilipasuka kwenye kisiwa jirani cha Nightingale ikamwaga mafuta, na uvuvi wa sehemu hiyo ukafungwa. Siwezi kukiweka katika ulinganisho wa likizo. Ukimpata kamba wake katika duka la nje, mnunue.

Kwa hali yako

Una watoto au huogelei: Lanzarote kwa jameito, au Sal kwa papa wadogo. Ukiwa Ulaya tayari na siku nne tu, Lanzarote.

Likizo yako ni Julai au Agosti: ukiwa mzamiaji mzoefu, Azores kwa pungu, ukiwa unaanza, Cape Verde. Kanari siwezi kukupeleka kwa ajili ya angelote miezi hiyo, utarudi umeona mchanga.

Likizo yako ni Januari hadi Machi: Kanari kwa papa bapa, St Helena kwa papa potwe. Cape Verde wakati huo ni ya wapenda upepo.

Unaandika tasnifu kuhusu kaa na kamba: maandiko kuhusu chemchemi za Azores ni mengi na si lazima ufike. Kwa kazi ya kushika na kupima mwenyewe, Ascension na St Helena zina aina chache, maeneo madogo na wenyeji wanaoijua bahari yao, ila anza kuomba vibali mwaka mzima kabla.

Unatoka Afrika Mashariki na umenyimwa viza ya Schengen: linganisha Cape Verde na St Helena kwa gharama ya ndege, ukianza na Johannesburg. Na kama papa potwe ndiye pekee unayemtaka na hujawahi kumwona, basi safari ya Kilindoni, kisiwani Mafia, ni fupi kuliko zote nilizozitaja. St Helena itangoja.